Nguvu za Kumwosha Saumu

Jumanne, 4 Julai 2017

Miguu imevimba kidogo asubuhi. Nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Vidonge vya kutoa maji mwilini nimekunywa, kwa hiyo nimeshinda chooni mpaka saa nne. Kisha mazoezi.

Darasa la wazee limehamishiwa ukumbi wa kanisa, huku huku mtaani kwetu Turffontein, kwa sababu kliniki hakuna nafasi. Basi leo mimi, mtu wa Tanga, hijabu na soksi mbili mbili kwa baridi, nimekaa chini ya msalaba nikipiga baiskeli isiyokwenda popote. Marehemu mume wangu angecheka mpaka akae chini.

Kila mtu pale ana ugonjwa wake wa kudumu. Sukari, presha, mapafu. Mimi moyo. Daktari anasema msuli wake umelegea, hausukumi damu kama zamani. Nilidhani dawa ya moyo uliochoka ni kitanda. Wao wananipa baiskeli. Sijaelewa bado, na mimi nisipoelewa kitu usingizi hauji.

Lerato, binti anayetufundisha, ameuliza kila mmoja anataka nguvu za kufanyia nini. Mmoja kasema kubeba wajukuu. Mwingine kupanda basi. Mama Ngalula, mshonaji, Mkongo wa Lubumbashi, anataka kucheza kwaya bila kushika kiti. Mimi nikasema kuosha maiti. Lerato alidhani Kiingereza changu kimepotea njia. Hakikupotea.

Alhamisi, 6 Julai

Nimempitia Saumu baada ya darasa. Yupo kitandani, figo zinamshinda, hospitali wamemwambia akae nyumbani na watu wake. Watu wake ni mimi. Tulianza pamoja mjini, tukipanga vitambaa vyetu vya kuuza kando ya barabara, na mvua ikija tulijifunika nailoni moja.

Amerudia neno lake. Siku yake ikifika nimwoshe mimi. Wanawake wa Kihindi wa msikitini wapo, wanaosha vizuri na kwa adabu, lakini Saumu hataki kushikwa na mtu ambaye hajawahi kula naye. Nimewaosha wanawake wetu wengi wa mji huu. Mara ya mwisho, moyo ulipokuwa umeshaanza vituko, nilitoka nje katikati ya kazi nikaegemea ukuta, wengine wakamalizia. Saumu alikuwepo, aliniona. Bado ananitaka mimi.

Nimemwitikia. Naogopa.

Jumanne, 11 Julai

Leo nimembana Lerato mpaka akanieleza. Moyo wangu huenda usirudi ulivyokuwa. Ila misuli ya miguu na mikono ikipata mazoezi inajifunza kutumia damu vizuri zaidi, haiudai moyo sana. Nimelielewa jambo hili kwa upande wa jikoni. Mpishi wa harusi ni yule yule mgonjwa, lakini ukimpa wasaidizi wanaojua kazi, pilau linaiva na yeye hajaanguka. Nimefurahi kama mtoto. Nimelirudia kichwani njia nzima hadi kwenye robot, zile taa za barabarani.

Nyumbani kazi yangu ni kukaa. Mkwe wangu Latifa ana adabu mno. Nikishika ufagio anaupokea. Nikishika ndoo anaipokea. "Mama, pumzika." Kiti, mto, chai. Majirani wanamsifu. Kwa heshima hii miguu yangu imekuwa kama uji, na hakuna wa kumlaumu, maana ningekuwa mimi mkwe ningefanya vile vile.

Alhamisi, 13 Julai

Lerato ana swali lake. Katikati ya mazoezi anauliza, kutoka sifuri mpaka kumi, kazi ni ngumu kiasi gani? Nimejibu mbili. Jasho lilikuwa limeshafika kiunoni.

Nilitaka kujua kwa nini asiangalie mapigo tu kama kwa wengine. Anasema kidonge changu kimoja kinauzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo mapigo yangu hayaonyeshi nilivyochoka. Mwenye kujua ni mimi peke yangu. Ajabu sana. Mashine zote zile, na wanategemea mdomo wa bibi.

Mama Ngalula naye alijibu mbili, huku anahema kama cherehani mbovu. Tuliangaliana.

Jumanne, 18 Julai

Mbili tena. Lerato kakaza baiskeli. Anasema naendelea vizuri sana, eish, hajaona. Nikaona fahari. Jioni sikuweza kuvua viatu.

Kwa nini sisemi? Nimejiuliza kweli, si kwa kujilaumu, nataka kujua. Nadhani ni hivi. Kwetu mtu akikuuliza hali unajibu nzuri. Hata kama umetoka kuzika, unaanza na nzuri, halafu mengine yanatoka taratibu, ya nyumbani, ya watoto, mpaka yanafika penyewe. Lerato anauliza mara moja na kuondoka. Anaondoka na salamu akidhani ni jibu. Na mimi mdomo unajiendea wenyewe. Kumwambia mtoto wa watu "nane" usoni, kabla hata hajauliza habari za asubuhi, naona kama kumtupia kapu la shida.

Jumanne, 25 Julai

Nimeanguka.

Nilikuwa nanyanyua mifuko ya mchanga. Lerato kauliza, nikasema mbili, na neno halijamaliza kutoka ukumbi ukageuka mweusi. Nimezinduka kichwa kipo mapajani kwa Mama Ngalula, ananipepea na kitabu cha nyimbo. Akaninong'oneza: "Mama, uko unadanganya munganga. Bantu banakufaka hivi." Kwa Kiswahili cha kwao munganga ni daktari, na watu ndiyo hufa hivyo. Kisha akamgeukia Lerato na yeye akaungama ya kwake, kwamba yake ilikuwa saba tangu siku ya kwanza.

Ijumaa, 28 Julai

Kliniki. Maji yamejaa mwilini, dawa zimeongezwa. Daktari amesema mazoezi basi kwanza, na kama mgonjwa hawezi kusema ukweli juu ya mwili wake, atanitoa darasani kabisa. Latifa alikuwa pembeni, akafurahi. Kitanda, mto, chai.

Nikitolewa, Saumu ataoshwa na wageni. Hilo ndilo nililoliwaza njia nzima. Sikuuwaza hata moyo wangu.

Jumapili, 30 Julai

Nimelala mchana kutwa. Nina hasira na kila mtu, na baiskeli pia.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimerudishwa kwa majaribio. Nilikwenda mapema nimkute Lerato peke yake. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na Kizulu cha sokoni nimemweleza salamu zetu. Nikamwambia, jibu la kwanza ni adabu, lisiandikwe. Uliza ya nyumbani. Uliza usingizi. Halafu niulize mwenyewe naendeleaje, na mimi naahidi nitakuwa nimefika penye ukweli.

Nilidhani atacheka. Alivuta kiti akakaa. Akasema bibi yake kijijini ni hivyo hivyo, ila hakuwahi kudhani kwamba ni jambo la kazini.

Akanijaribu papo hapo. Nyumbani? Wazima. Usingizi? Mzuri, isipokuwa nimelalia mito mitatu ili nipate pumzi. Na sasa hivi, hapo ulipo? Sita, nikasema, na masikio yakapata moto kwa aibu. Akalegeza baiskeli. Ikawa nne, nne ya kweli, na nilikuwa naweza kuzungumza huku napiga. Sikujua kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa! Wiki zote hizi nilikuwa nafanya mateso nikiyaita mazoezi.

Jumanne, 15 Agosti

Darasa linachelewa kuanza siku hizi. Lerato anazunguka kwa kila mzee na salamu zake ndefu. Mzee mmoja wa mapafu kamsimulia mpaka ya mbwa wake. Lakini nusu ya darasa wamelegezewa mazoezi, na wawili wamekazwa, maana kumbe walikuwa wanajisingizia uchovu. Najiuliza ni mambo mangapi madaktari wanayaandika ambayo ni salamu tu.

Jumanne, 22 Agosti

Siku ya vichekesho. Lerato ametaka kujua kuosha maiti kuna kazi gani ya mwili. Nikamwonyesha. Kusimama muda mrefu, kuinama, kumimina maji kwa mkono mmoja na kusugua kwa mwingine. Kubwa kuliko yote ni kumgeuza. Unamvuta aje kwako, alale ubavu wa kushoto, maana tunaanza kuosha kulia, na unamzuia asirudi huku mwenzako anaosha.

Akafunga mablanketi na mifuko ya mchanga akatengeneza mtu, akamlaza kwenye kitanda cha mazoezi. Nikamgeuza. Sawa, ila blanketi halina mabega. Mama Ngalula akaona tunacheza. Akavua viatu, akapanda kitandani mwenyewe, akafumba macho. "Geuza mie. Mie ni muzito, ukiniweza utaweza bote." Mkristo safi, kalala pale mikono ubavuni, na tumbo linatikisika kwa kicheko. Nikamwambia maiti haicheki. Akazidi.

Sikumweza. Lerato akanirekebisha: mguu mmoja mbele, nivute kwa mapaja na siyo mgongo, nipumue nje wakati wa kuvuta. Miaka yote nimekuwa nikibana pumzi! Mara ya pili alikuja hadi nusu. Nikasema saba bila kuulizwa, nikakaa.

Jumamosi, 2 Septemba

Idi. Nimemchukulia Saumu supu. Ameonja kijiko, ili kunifurahisha. Amelala chini ya mablanketi yake, ni uso tu unaonekana. Kaniuliza ya darasani, nikamsimulia Mama Ngalula kitandani. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema anamwonea wivu, mwenzake ameshajua kugeuzwa na mimi kulivyo.

Nimerudi kwa miguu kando ya ukuta wa uwanja wa farasi. Nimesimama mara moja tu, na ilikuwa kumtazama farasi.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimemgeuza! Mama Ngalula mzima, kutoka chali mpaka ubavu, nikamshikilia. Tano. Lerato kaniangalia machoni, kauliza ya nyumbani, kauliza usingizi, bado tano. Mama Ngalula alipiga vigelegele akiwa bado ubavuni. Nimejisikia binti.

Nyumbani nimegombana na Latifa. Alinipokea ndoo. Niliishikilia. Tukavutana nayo jikoni, maji yakamwagika, yeye analia, anasema watu watasema anamtumikisha mama mkwe. Nikamwambia waseme. Nikamwambia pia ninalohitaji kwake, mtu wa kumimina maji siku ya Saumu. Anaogopa maiti, hajawahi kushika. Lakini ndoo aliiacha.

Jumatano, 27 Septemba

Saumu amefariki alfajiri. Wamepiga simu wakati natia udhu. Miguu haijavimba. Latifa ameshavaa, amekaa mlangoni ananisubiri.

Alhamisi, 28 Septemba

Tumemzika jana kabla ya alasiri. Leo ni siku ya mazoezi, sikwenda. Lerato kapiga simu, akaanza na ya nyumbani.

Mwosha hasimulii alichokiona, na mimi sitaandika. Ila uzito hauonekani kwa macho, kwa hiyo huu nitauandika.

Tulikuwa wawili, mimi na Latifa, chumba cha kuoshea cha msikiti. Latifa alimimina vizuri, kidogo kidogo, kama nilivyomwambia. Kichwa, uso, mikono. Nilisimama sawa. Pumzi ilikuwepo. Ikafika zamu ya kumgeuza. Nikaweka mguu mbele, nikashika bega na nyonga juu ya kile kitambaa cha sitara, nikapumua nje, nikavuta.

Nilivuta kwa nguvu za kumvuta Mama Ngalula. Saumu hakuwa na uzito wowote. Alikuja mzima mzima kwa mara moja, akanifika kifuani, kichwa chake hapa begani kwangu. Sikuwa nimejua. Miezi yote ile alikuwa anaisha chini ya yale mablanketi, na mimi nilikuwa ukumbini najifunza kubeba mtu mzito.

Ningeweza kumshika kwa mkono mmoja. Nilimshika kwa yote miwili. Latifa alisubiri na kata ya maji, kisha akauliza polepole kama amimine. Nikamwambia mimina.