Pumzi Tatu Kabla ya Marahaba

Mpendwa mshauri Bi Siwema, shikamoo, naomba msaada wako kabla binti yangu hajanihama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kanyenye, mjane, nina presha, na mwaka jana muuguzi aliniambia nichague jambo dogo linalotokea kila siku, na kila likitokea nisimame, nivute pumzi tatu polepole, nijue nilipo na ninachofanya. Wenzangu walichagua kufungua mlango au kunawa mikono, mimi kwa kujiona mjanja nikachagua shikamoo, maana mwalimu huamkiwa kutwa nzima, basi mtoto akiniamkia nafumba macho, navuta, natoa, mara tatu, ndipo naitikia, na kweli presha imeshuka, ingawa siku hizi watoto wananiamkia wangali mbali ili wakinifikia jibu liwe tayari, na mchungaji ameniombea nipone uziwi.

Sasa Jumamosi akaja Leodgar, mfuga nyuki wa Ipole anayetaka kumwoa binti yangu Flavia, pamoja na mshenga wake Masolwa na ndoo ya asali. Leodgar akainama, "Shikamoo mama," nikafumba macho, sijamaliza pumzi ya pili Masolwa naye akaniamkia, nikaanza kuhesabu upya, mara namsikia anasema, "Tumeelewa, mama, hatukulazimishi," na nilipofumbua macho wameshawasha pikipiki, na ndoo yao wameichukua. Leodgar hapokei simu, Flavia hanisemeshi. Nikiacha pumzi presha inarudi, nisipoacha binti yangu haolewi. Nifanyeje?

Mwalimu Asnath, Tabora

Mwalimu Asnath, marahaba. Umeona? Imetoka papo hapo na sijaanguka.

Pole kwa presha, na hongera kwa kuishusha, hilo silifanyii mzaha. Lakini dada yangu, katika mambo madogo yote ya siku, ukachagua lile ambalo mwenzako ameinama anasubiri jibu! Mlango ungekungoja. Sufuria ingekungoja. Kijana anayeomba mke hana subira hiyo, alitoka Ipole na hofu yake tayari. Muuguzi alikwambia ujue ulipo. Ulikuwa mbele ya mkweo, nawe ukafumba macho.

Pumzi usiziache, zihamishe. Shuleni, kila ukishika chaki, vuta tatu, ubao hautanuna. Nyumbani chagua kuinjika maji ya ugali, au chochote kisichokuja na mshenga.

Leo hii mwombe Flavia radhi, macho wazi. Kisha mtume kaka yako, au ndugu yeyote uliye naye, Ipole akaseme bila kuzunguka kwamba hukumkataa mtu, ulikuwa unapumua. Watacheka sana. Waache wacheke, maana anayecheka atarudi na ndoo.

Leodgar akiinama tena, marahaba imkute kabla hajanyoosha mgongo. Wakishaketi, Flavia akiwa anawamiminia chai, hapo vuta pumzi zako tatu ukimtazama. Akishaolewa, chai hiyo utakuwa unajimiminia mwenyewe.