Dobi wa Majeshi Manne

Dada yangu, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kusimama,

Pokea heshima zangu kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeikubali ile dawa ya kuchua. Nasikia wajukuu hawajambo, ila yule mdogo anakula chaki. Mwache, hata mimi nilikula sabuni na bado nipo. Huku tu wazima wa mwili. Mke wangu anakusalimu sana, ingawa mimi mwenyewe hajanisemesha tangu Jumapili. Sababu utaikuta huko chini. Nakuomba uisome barua hii umeketi, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Dada, nina hasira. Wewe ndiye uliyenipa jina la Povu, ukisema hasira yangu hupanda juu mara moja kisha haionekani ilikoenda. Safari hii imepanda na haitaki kushuka.

Kambi imeuzwa. Baada ya wale Walinda Amani kuondoka ilikaa miaka na popo wake, kisha tukaona malori ya saruji, na sasa ni hoteli. Mabweni yamekuwa vyumba vyenye mapazia mazito. Ghala la silaha ni baa. Ule ukuta tuliokatazwa hata kuutazama umepakwa rangi ya maziwa na kupandwa maua. Meneja wake alinijia hapa kibandani mwezi uliopita, akasema wageni siku hizi hawataki kitanda tu, wanataka na historia, na kwamba kila aliyemuuliza habari za kambi alimjibu hivyo hivyo: majenerali huwapati, mtafute dobi.

Nilivimba kichwa, sikufichi. Alasiri tatu nzima nilikaa na binti mmoja wa hoteli, mwenye daftari na adabu zake, nikamweleza. Nilimwambia kwamba kila jeshi lilipoingia lilifanya mambo mawili siku ya kwanza: lilipaka lango rangi mpya, na lilimwita dobi. Jina la waliotoka lilifutwa kila mahali. Sisi hatukufutwa, kwa sababu mshindi naye huchafuka.

Nilimwambia habari za babu, aliyewafulia Wageni waliojenga ile kambi. Hao walitaka wanga mwingi, hata suruali zikawa zinasimama zenyewe ukutani kama walevi. Babu alichapwa viboko sita kwa mkunjo mmoja wa shati, na makovu yale wewe na mimi tuliyahesabu kwa vidole tukidhani ni mchezo. Kisha bendera ikabadilika wakaja Wetu. Baba alilia kwa furaha siku ile, akafua sare zao bila kumwachia mtu mwingine hata soksi. Mwaka wa kwanza zilikuwa na jasho la gwaride na dawa ya viatu. Mwaka wa kumi zilikuwa na pombe na mchuzi, na baba alipouliza ujira wake alitandikwa kwa mkanda wa turubai alioupiga pasi mwenyewe. Tofauti aliyoiona, alituambia, ni kwamba hawa walimtukana kwa lugha anayoielewa.

Halafu wakaja Wakombozi. Hapo dobi nilikuwa mimi tayari, baba mikono ilikuwa imekwisha. Hawakuwa na sare moja. Walileta nguo za waliowaua, majina yamenyofolewa kifuani, nyuzi bado zinaning'inia. Nilifua matope ya barabara zote. Nilifua na mengine. Na mwisho wakaja Walinda Amani, watu wasafi kweli, waliokuja na mashine yao ya kufulia na kuniletea mapazia tu. Walikaa minarani na darubini, wakaandika kila kitu walichokiona, na walichokiona hawakukizuia.

Binti aliandika yote. Alikuwa akiinamisha kichwa na kusema pole, pole sana babu. Nikadhani nimesema na mtu.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Meneja aliniomba nivae aproni nyeupe na kofia, nisimame kwenye lile karo letu la mawe la kufulia na pasi ya mkaa isiyo na mkaa, nijifanye napiga pasi wageni wakipita. Nilikubali. Mzee wa miaka yangu, dada, nilikubali kuwa sanamu. Nadhani nilipenda kuitwa tena ndani ya lango lile na mtu asiye na bunduki.

Kando ya karo walikuwa wamesimamisha ubao mkubwa wa historia. Nilipoingia nilikuwa sijavaa miwani, nikaupita. Nilipopata nafasi nikaivaa na kuusoma. Viboko vya babu havimo. Mkanda wa baba haumo. Kuna wanga, kuna zile suruali zilizosimama kama walevi, neno kwa neno nilivyosema, na kuhusu Wakombozi kuna mstari mmoja: kwamba kambi iliendeshwa kwa nidhamu, na hakuna raia aliyewahi kuzuiliwa ndani yake.

Nilisoma mara mbili. Nikajiambia, nyamaza, umezoea.

Ndipo kundi la wageni likaja na binti mbele yake. Akawaeleza habari za karo, wakanipiga picha. Kisha akasema sasa atawachekesha kidogo. Akawaambia kwamba zamani za Wakombozi palikuwa na fundi betri wa mjini aliyeitwa kutengeneza malori ya kambi, akaona mpishi wa kantini ni mzuri kuliko mke wake, na siku hiyo hiyo wakatoroka wote wawili kwa lori alilolitengeneza mwenyewe, mke kamwacha nyumbani na watoto wawili na sufuria jikoni. Wakacheka. Bwana mmoja akauliza kama betri nayo aliiacha au alikwenda nayo. Wakacheka zaidi. Hata mtu wa vinywaji alicheka.

Dada, mumeo. Mumeo ndiye kichekesho cha hoteli.

Sikumbuki kuvua ile kofia, lakini nilikuwa nimeishika mkononi. Nikasema, "Huyo fundi ni shemeji yangu, na hakutoroka na mtu. Aliingia kwa lango lile Alhamisi, na hajatoka mpaka leo mnapokunywa."

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mama mmoja alisema yule mzee anaigiza vizuri, na machozi yake yanatoka kweli.

Basi nikainyanyua ile pasi, na unajua uzito wake, nikaupiga ubao ukapasuka katikati. Makofi yakakoma. Meneja akanishika kiwiko, akanena huku ameuma meno kwamba nimechanganyikiwa, na kwamba ubao ule utanipeleka mahakamani. Nikamwambia nipeleke, ndiko ninakotaka kwenda. Binti alikuwa amesimama pembeni, daftari kifuani. Nilimuuliza nani alimpa hadithi ile ya fundi betri, maana mimi sikumpa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mji mzima unaijua hivyo, na kwamba hata ndugu wa yule mke hawajawahi kuikanusha.

Hilo, dada, ndilo lililonikata. Kwa sababu ni kweli. Hatukuikanusha. Wewe hukuweza, kwa kuwa hukujua. Mimi nilijua.

Sasa nakwambia, na sitazunguka.

Unamkumbuka yule sajenti wa Wakombozi tuliyemwita Kijiko, aliyechomeka kijiko mfukoni mwa shati wakati wote. Yeye ndiye aliyekuja nyumbani kukuambia kwamba mumeo ametoroka na mpishi. Mpishi kweli alikuwa ameondoka wiki ile. Alikwenda kwao kujifungua. Uongo ulipata pa kuegemea, na wewe ukaushika kwa sababu uliuma, na linalouma tunadhani ni kweli.

Jumatatu iliyofuata Kijiko aliniletea furushi lake. Ndani palikuwa na shati la raia, jeupe lenye mistari myembamba ya kijani. Lilikuwa limekauka damu mgongoni, nyingi, kutoka begani mpaka kiunoni. Nililigeuza nione kama litafaa. Nikaona kola. Ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa upande wa pili, na imeshonwa kwa uzi wa bluu, kwa sababu uzi wako mweupe ulikwisha na ulisema hakuna atakayemchungulia mumeo shingoni. Nilikuwapo ulipoishona. Nilikushikia taa.

Nilisimama na lile shati mkononi. Kijiko alikuwa mlangoni, akanitazama, na nadhani alijua ninachokijua. Akasema, "Litatakata?" Nikasema litatakata, afande.

Nililiroweka kwenye maji baridi na chumvi. Nililifua mara tatu. Nililitia wanga, nikalipiga pasi, nikalikunja mikono nyuma kama baba alivyonifundisha. Lilitakata kabisa. Sijawahi kutakasa nguo vizuri namna ile, na ningetamani mikono hii ikatwe kabla ya siku ile. Alikuja kulichukua, akalivaa palepale. Lilimkaa sawa.

Utasema niliogopa, na ni kweli niliogopa. Nilikuwa na mke mwenye mimba, na ule ukuta tuliokatazwa kuutazama ulikuwa hatua arobaini kutoka karo. Hofu ya siku ile ungeweza kunisamehe. Lakini kuna siku nyingine, na hiyo ndiyo inayonila.

Ulirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu. Ulinambia umemwona Kijiko amevaa shati la mumeo. Ulisema ulitaka kumsogelea umtazame kola, ukaogopa. Ukaniuliza mimi, mdogo wako, mfua nguo zao: je, ni lile? Ulinishika mkono. Ulikuwa tayari kujua, dada. Ungelia, ungevunjika, ungemzika hata bila mwili. Nami nikakuambia mashati ya namna ile yako mengi, yaliletwa robota zima mjini.

Ukaniachia mkono. Siku ile ndipo ulipoichana picha ya harusi. Mwezi uliofuata ulimfungia mlango mama mkwe wako alipokuja na kuku wa wajukuu wake, ukamwambia akamlee mwanawe mhuni huko aliko. Alipokufa hukwenda kuzika. Watoto uliwafuta jina la baba yao, ukahama nao mpaka huko uliko. Yote hayo Kijiko hakuyafanya. Kijiko alimuua mtu mmoja. Mimi ndiye niliyemuua mara ya pili, kila mwaka, miaka ishirini na minne, kwa kunyamaza na huku nikikuandikia barua za heri.

Jumapili nilimwambia mke wangu. Aliuliza tu kama ni kweli ulinishika mkono. Nikasema ndiyo. Hajanisemesha tena, na chakula changu anakiweka mezani kama anayemwekea mpangaji.

Jumatatu nilikwenda mahakamani mwenyewe, kabla meneja hajanishtaki. Kumbe alikuwa ametangulia kwa habari ya ubao. Nikasema ubao nimeuvunja, andikeni hivyo, kisha mfungue faili la pili. Karani alinisikiliza. Mwanzoni alikuwa anachezea kalamu, baadaye akaiacha. Aliniambia Kijiko bado yu hai, ana shamba na pensheni, na kwamba neno la dobi mmoja aliyevunja mali ya hoteli ni jepesi. Akaniuliza kama yupo mtu mwingine aliyeliona shati lile mwilini mwa sajenti na anayeweza kulitambua kwa alama. Nikasema yupo. Aliyelishona.

Kesi imepangwa Jumanne ya tatu ya mwezi ujao. Karani amesema ukitoa maelezo yako, hakimu anaweza kuamuru sakafu ya kile chumba cha betri cha kambi, alimoingia mumeo kufanya kazi Alhamisi ile, ichimbuliwe. Nimepaona. Wameweka meza ya mchezo juu yake.

Sikuombi msamaha. Ningeomba, ungejiona unawiwa kunijibu kwa upole, na wewe umekuwa mpole kwangu vya kutosha. Nakuomba uje tu. Waambie watoto wote wawili kabla hujaondoka, na uwaambie kwamba baba yao alikwenda kazini akafia kazini, na kwamba mjomba wao alijua. Usimfichie yeyote ili kunisitiri.

Wasalimu wote hapo, mkubwa kwa mdogo, na majirani wanaokusaidia kupanda ngazi. Mke wangu amenisimamia nikiandika mstari huu, anasema kitanda chako kiko tayari chumba cha watoto na kwamba atakupokea stendi yeye, si mimi. Nami naona ni sawa. Ukifika usihangaike kunitafuta wala kunisalimu. Pita moja kwa moja hadi mahakamani. Nitakuwa kwenye benchi la nje, na nitasimama ukipita.

Ni mimi mdogo wako,
Povu