Mama Mkwe Anakuja Kunisikiliza

Ijumaa. Mvua tangu asubuhi, barabara ya Route 7 imejaa maji.

Naogopa. Acha niandike tu hivyo.

Kesho alasiri naimba kwenye mkahawa mmoja hapa ughaibuni, mjini Falls Church. Mnaonisoma mnajua ugonjwa wangu wa wikendi: nachukua nyimbo za zamani za Kifaransa, nazigeuza Kiingereza, nazipigia gitaa. Siku nyingine natengeneza kompyuta za ofisi. Wanaonishauri nibaki na kompyuta si wachache.

Na mama mkwe anakuja.

Alifika kutoka Bungoma wiki tatu zilizopita. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, hata macho hayakutani. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo yeye akiingia jikoni mimi natokea gereji. Mzee mzima wa miaka hamsini na mbili, najibanza nyuma ya mashine ya kufulia.

Kanisani amesikia kwamba Baba Neema, yaani mimi, huimba nyimbo za zamani. Nikajua tu anadhani ni tenzi. Amewaalika na akina mama wanne wa ushirika kutoka Woodbridge.

Nyimbo zangu ni za mapenzi. Kuna mmoja wa mwanamume aliyefiwa na mkewe, anakataa kufua foronya kwa sababu bado ina harufu yake. Kitanda kimo, shingo imo. Ningeimba kwa Kifaransa, akina mama wangetikisa vichwa na kunywa chai. Lakini mimi ndiye bingwa wa kuhakikisha kila mtu anaelewa.

Nilimsihi mke wangu, Nekesa, amzuie mama yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nimwambie mwenyewe, akijua fika kwamba siwezi.

Leo baada ya kazi nimefanya mazoezi kwenye chumba cha chini, mlango nimefunga. Kutoka, namkuta Nekesa kwenye ngazi. Hacheki tena. Ametumwa.

"Mama anasema bomba la kupasha nyumba joto linapeleka sauti yako yote chumbani kwake. Tangu wiki ya kwanza."

Nikaweka gitaa chini.

"Anasema ule wa foronya unauharakisha, Baba Neema. Mtu wa namna hiyo hana haraka. Kesho atakaa nyuma ya nguzo, ili uimbe bila kumwona."

Baba mkwe tulimpoteza mwaka jana. Sikuweza kusafiri. Pole yangu ilipitia kwa Nekesa, kama kila kitu.

Nilidhani sasa nitapumua, kumbe hofu ndiyo imezidi. Aibu nimeizoea. Kumwimbia mtu ambaye huenda ana foronya yake kabatini, hilo sijawahi.

Nitaimba polepole.

Nguzo za mkahawa ule ni nyembamba, Mungu anisaidie.