Mshumaa Ulionuka Nyama

Jumapili ya Kwaresima, jioni

...na mbwa wawili wakaingia kanisani, wakaenda moja kwa moja altareni wakinusa. Hapo nikajua nimekwisha.

Parokia iliagiza kwangu mishumaa ya nta tupu ya nyuki. Tembo wakavunja mizinga kule Robanda ninakonunua nta, nta ikapungua, nikajazia mafuta ya ng'ombe. Kidogo tu, nilijiambia. Ilikuwa karibu nusu.

Baada ya misa Katekista Chacha aliniita pembeni. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anacheka.

"Mura, kijana wangu, padri anahubiri kufunga, wewe unatuchomea mbavu?"

"Ni nta, mzee."

"Nta ya ng'ombe gani?"

Kisha akanionyesha mshumaa wa plastiki kutoka Sirari. Unatumia betri, na mwali wake unacheza bila upepo. Sasa parokia watanunua ya aina hiyo. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Mteja mwingine sina, maana kijiji chetu kizima cha Susuni kina umeme wa sola.

Kile kitabu nilichookota kwenye kambi ya watalii, ndicho kilichonifundisha kazi hii, kinasema Ulaya ya kale fundi aliyechanganya mafuta kwenye nta aliitwa mbele ya chama cha mafundi wa mishumaa, akatozwa faini na kuaibishwa.

Nimeusoma tena ukurasa huo leo. Zamani nilikuwa namcheka yule tapeli. Sasa namwonea wivu, kwa sababu mimi sina hata fundi mwenzangu wa kunishtaki.