Bunduki Inayojipakia Yenyewe

Jumamosi, 7 Juni

Usafi wa bunduki, kama kila Jumamosi baada ya chai. Baba Neema anafungua, mimi napaka mafuta. Magazini, bolti, springi. Kitako cha mti wa Ulaya, rangi ya chai iliyokolea. Ubavuni swala wawili, mtu aliwachonga kwa mkono huko Ubelgiji kabla sijajua kusoma. Aliinunua kwa mwindaji aliyekuwa anarudi kwao, na vibali vyote. Nilipoolewa niliikuta ndani. Ndiyo maana naiita mke mkubwa, na siku akiisugua kupita kiasi namwambia zamu yangu imefika.

Leo alipomaliza kufunga, pini moja ilibaki mkekani. Akaniuliza ni ya nini. Nikacheka. Naye akacheka. Tukafungua tena.

Huyu alikuwa afisa wanyamapori miaka thelathini. Alikuwa anaifungua na kuifunga amefumba macho, kuwaringia vijana wapya. Sijapenda.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa tulikwenda kwenye machimbo ya zamani ya kifusi, njia ya Nyakitonto. Mtendaji wa kijiji ana taarifa, kama siku zote. Mimi risasi tatu, zote ndani ya kifuniko cha ndoo. Yeye mbili, moja ikapotelea kwenye udongo. Nilimcheka kidogo, amezoea.

Bunduki nyingine unavuta bolti kila ukipiga. Hii inajipakia yenyewe. Inapiga, inatupa ganda, inameza risasi nyingine, na wewe hujapepesa jicho. Teke lake laini, bega halilalamiki. Utamu wake ni huo na hatari yake ni hiyo hiyo. Ukitoa magazini, bado kuna risasi moja imekaa ndani ya chemba, kimya. Yeye ndiye aliyenifundisha: toa magazini, vuta bolti, tia kidole kidogo ndani, papasa. Usiamini macho.

Leo alitoa magazini, akaitundika begani, akaanza kuondoka. Nikamwita. Nikavuta bolti mwenyewe. Risasi ikaruka, ikaangukia mchangani. Akaniangalia.

"Kwani tumeshapiga?"

Maganda matano yalikuwa chini ya viatu vyake.

Jumatatu, 16 Juni

Naogopa. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 26 Juni

Hospitali, Kasulu mjini. Daktari ni kijana wa Mbeya, mpole. Alimpa maneno matatu ayashike: kikombe, barabara, ng'ombe. Wakaongea mambo mengine, kisha akamwomba ayarudie. Baba Neema akasema hakupewa maneno yoyote. Akasema kwa heshima kabisa, kama mtu anayemsahihisha mdogo wake.

Ni ugonjwa wa kusahau. Dawa ya kuponya hakuna. Nimekuwa nesi maisha yangu yote, nimewaambia watu wengi habari za namna hii, nikadhani najua zinavyosikika. Sikujua kitu.

Nimempigia Neema, yuko Kibondo anafundisha. Hakulia. Alisema, "Mama, hilo dude litoke humo ndani. Litaua mtu." Nikamjibu kwamba hilo dude ndilo lililomsomesha. Nilisema kwa hasira. Najua ana haki.

Jumapili, 29 Juni

Nilificha magazini kwenye pipa la maharage. Akaitafuta siku nzima. Alipindua godoro. Aliniita mwizi, mimi, mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Jioni nikaitoa. Nimeshindwa na mtu mwenye kilo hamsini na tano.

Jumamosi, 5 Julai

Nitaandika yote.

Mzee Bukuru wa Kagerankanda alituita. Ni rafiki yake wa siku nyingi, aliletwa akiwa mtoto kutoka Burundi, sasa ni raia mwenye wajukuu. Nguruwe pori wanamaliza mihogo yake. Nilitaka kukataa. Lakini Baba Neema aliamka mzima. Mzima kabisa. Alikumbuka jina la kila mtoto wa Bukuru, alikumbuka kijito cha kuvukia, alinitania njia nzima. Nikajidanganya.

Nguruwe tuliwaona, akapiga mara moja, akakosa, wakakimbia. Tukarudi nyumbani kwa Bukuru. Majirani walikuwa wamekusanyika uani, vijana wanamwamkia "shikamoo afande". Akatoa magazini mbele yao, kwa madaha yake yale. Hakuvuta bolti. Niliona. Niliona kwa macho yangu na sikusema.

Mbele ya watu, mke hamkagui mumewe bunduki. Tena mume aliyewafundisha nusu ya askari wa pori wa wilaya hii. Nikasema moyoni nitamwambia tukifika barabarani. Nilimwonea aibu yeye, au nilijionea mimi.

Alikuwa anamwonyesha Bukuru jinsi kifyatulio kilivyo laini. Risasi ikapita kwenye ukuta wa jiko la matofali mabichi. Mke wa Bukuru alikuwa ndani, ameinama anachochea kuni. Angekuwa amesimama, leo tungekuwa msibani.

Akatoka na majivu kichwani. Baba Neema akageuka huku na huku, akamtafuta aliyepiga. Akawakaripia vijana.

Bukuru alinishika mkono. "Imana ishimwe, mama. Mungu ashukuriwe. Hakuna mtu amekufa." Hataki kwenda polisi. Wema wake umeniumiza kuliko matusi.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Mwenye kosa ni mimi.

Jumatano, 9 Julai

Nimeuliza kituoni. Kuisalimisha inawezekana, lakini kibali ni chake. Lazima aje mwenyewe, atie sahihi kwa hiari.

Kwa hiyo asubuhi nilimwambia yote. Ukuta, jiko, mama wa watu. Alilia. Sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mama yake. Akasema, "Nirudishieni hiyo kitu serikalini, leo." Nikakimbia kutafuta gari. Niliporudi alikuwa amekaa mlangoni na bunduki magotini, akaniuliza tunakwenda kuwinda wapi.

Nikamwambia upya. Akalia upya, kilio kile kile. Akakubali. Tulipofika njia panda akamwuliza dereva kwa nini anambebea bunduki yake. Akakataa kuendelea, akamwamuru dereva ageuze gari.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejaribu tena. Akalia tena, akakubali, akasahau kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Mara tatu sasa nimemwambia mume wangu kwamba nusura aue mtu, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Mimi ndiye ninayezibeba zote tatu. Sitamwambia ya nne. Siwezi.

Neema anasema nimdanganye. Nimemwambia baba yake hadanganywi. Akasema, "Mama, pole." Nikakata.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemdanganya. Nimesema kuna uhakiki wa silaha.

Alifurahi! Uhakiki anaujua. Akavaa koti lake la kazi. Akaipangusa mwenyewe, mtutu hadi kitako. Nilivuta bolti na kupapasa chemba kabla ya kuondoka, na tena ndani ya gari, na tena mlangoni pa kituo. Safari hii sikujali nani ananiona.

Askari mwenye daftari alikuwa kijana. Nilikuwa nimemweleza mapema. Baba Neema akamfundisha: swala waliochongwa, springi, namna inavyotupa ganda. Kijana akasikiliza, akauliza maswali, sijui ni adabu au aliipenda kweli. Akamwonyesha pa kutia sahihi. Akatia, ile sahihi yake ndefu ya ofisini, bila kusoma.

"Tutaifuata lini, afande?"

Kijana akaniangalia mimi. Nikaangalia sakafu.

"Tutawapigia simu, mzee."

Akampigia saluti. Njia nzima Baba Neema alikuwa na raha. Mimi nilitazama nje ya dirisha.

Ijumaa, 25 Julai

Kumetulia. Upepo wa kiangazi, vumbi. Nimeanika mihogo.

Kila asubuhi ananiuliza kama wamepiga simu. Leo nimemjibu bado, kazi ni nyingi. Akasema wasiharakishwe, bunduki ya namna ile hawaioni kila siku, waiangalie vizuri. Kisha akauliza kama nilimwambia yule kijana kwamba inavuta kidogo kushoto. Nikasema nilimwambia. Sikumwambia.

"Asante, Mama Neema," akasema. "Bila wewe ningesahau."

Akaendelea kunywa uji.