Tembe za Yieyo Nilizitupa Chooni

Shangazi Zipporah, nakuandikia nikiwa nimejifungia jikoni, na kama unaweza kunijibu kabla gazeti halijatoka nitashukuru sana, namba yangu nimeiweka hapo chini. Naitwa Waruguru, nimeolewa hapa Kisaju na Saruni, na tunaishi na mama yake, ambaye sisi wote tunamwita yieyo, yaani mama kwa Kimaasai. Miaka miwili iliyopita yieyo alikuwa na maumivu ya viungo, magoti na vidole vimefura hadi hawezi kukamua hata mbuzi mmoja, nikampeleka kwa daktari mmoja ambaye ako na kliniki Kitengela, akampa tembe nyeupe ndogo za siku kumi, na siku ya tatu niliamka nikampata anafagia boma. Tuliporudi daktari akasema kama zinamsaidia aendelee nazo, hakumpima kitu kingine, na tangu hapo kila mwezi mimi ndiye naenda kuzichukua, hata yieyo mwenyewe hatakiwi kuja.

Basi akaanza kunenepa, uso ukawa mviringo, mashavu yakajaa, na watu kanisani wakawa wananiambia namlisha vizuri, hata Soipan, dada ya Saruni aliyeolewa Rombo, alisema mbele ya wageni kwamba namtunza mama kuliko wao aliowazaa. Nilipenda kusikia hivyo, siwezi kukudanganya. Lakini mikono yake ilikuwa inakonda, ngozi ikigongwa kidogo inatoka damu, halafu mwaka huu akapatikana na sukari, na daktari yule yule akaongeza dawa ya sukari juu ya zile za kwanza. Nilianza kujiuliza, nikanyamaza.

Mwanzoni mwa wiki hii alikuwa anafungua komeo la zizi na mkono ukavunjika, hakuanguka, ni komeo tu. Tukampeleka hospitali Kajiado, na tukiwa kwenye foleni nikasikia daktari anayeitwa Florence akimweleza mgonjwa mwingine, ameshika pakiti kama yetu, kwamba dawa hii ikinywewa muda mrefu inaweza kula mifupa na kuleta sukari. Zamu yetu ilipofika akauliza yieyo anatumia dawa gani, na yieyo hajui Kiswahili kingi, akaniangalia nijibu, Saruni naye, ambaye mambo ya dawa ameniachia mimi, amesimama hapo, nami nikasema ni ya sukari tu. Akafungwa plasta tukarudi, na nilipofika nyumbani nikazitupa tembe zote chooni ili zisimuue.

Leo ni siku ya tatu. Yieyo hainuki, anatapika, akikaa anasema nyumba inazunguka, na Saruni anafikiri ni uchungu wa mkono. Nikimwambia atasema nimemuua mama yake. Ningoje dawa itoke mwilini kwanza ndio niseme, ama ninyamaze kabisa?

Waruguru, Kisaju

Waruguru, umeniruhusu kuichapisha barua yako na majina yote nimeyabadilisha, kwa hivyo wacha wasomaji wajue yaliyofuata. Iliingia kwenye simu yangu Jumatano saa nne asubuhi, na saa nne na dakika tano nilikuwa nakupigia. Nilikuuliza jambo moja, kama yieyo anaweza kusimama. Ukasema hawezi. Nikakuambia umwite Saruni hapo hapo, mumpeleke hospitali, na umweleze Florence kila kitu kabla hajauliza. Ulilia, ukaomba nusu saa ujipange. Sikukupa.

Florence alikueleza vizuri kuliko mimi: mwili uliozoea dawa hiyo kwa miaka huacha kujitengenezea homoni yake yenyewe ya aina hiyo, na ukiikata dawa ghafla mwili unabaki bila. Presha ya yieyo ilikuwa imeshuka vibaya. Walimwekea maji ya mshipa, wakamdunga dawa ya aina ile ile uliyoitupa, na kufikia jioni aliomba chai.

Sasa nikugombeze. Ulikuwa mbele ya mtu anayejua dawa, akakuuliza wazi, ukachagua sifa zako za kanisani. Uongo huo ulikaribia kumzika mama wa watu. Lakini ugonjwa wenyewe hukuuanzisha wewe. Aliyesomea udaktari ni yule wa Kitengela. Ndiye aliyeichukua dawa ya siku kumi akaifanya ya miaka miwili bila kumwona mgonjwa, na sukari ilipokuja akaitibu bila kuuliza imetoka wapi. Usimbebee mzigo wake.

Uliniambia kwamba Saruni alipomweleza mama yake kwa Kimaasai, yieyo alisema, "Hiyo miaka miwili nilitembea. Mngeniuliza, labda ningekubali hata hivyo. Lakini hamkuniuliza." Yuko sawa. Kuanzia sasa ataulizwa.

Tembe zitapunguzwa polepole, kwa miezi, kama Florence alivyoandika. Usiongeze na usipunguze hata nusu kwa akili yako. Mkienda hospitali bebeni pakiti zote, hata za kikohozi. Saruni aende ile kliniki aombe kwa maandishi rekodi za matibabu ya mama yake, na akikataliwa apeleke malalamiko kwa wanaosimamia madaktari. Nanyi wasomaji mlio na mzee anayemeza dawa ya viungo mwaka baada ya mwaka na uso umejaa, msitupe kitu. Mpelekeni akapimwe, pakiti mkononi.

Unasema Saruni hajakuongelesha tangu Jumatano, anashinda na ng'ombe hadi giza liingie. Mwache akasirike, ni mama yake. Lakini leo akirudi, kaa naye. Habari za tembe ameshazisikia zote. Ambalo hajasikia ni kwamba uliogopa miezi hiyo yote ukiwa peke yako ndani ya nyumba yake. Mwambie hilo, kisha unyamaze umsikilize.