Neno Alilosema Mama kwa Kihehe

Uyole, Mbeya
4 Mei 2024

Mama mdogo Blandina,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi ya Kihesa? Sisi wazima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na jambo hili sitaki kulipigia kelele.

Mama alipofariki nilikuwa peke yangu naye. Aliniangalia, akasema neno la Kihehe. Nilisikia “longa”, au “longola”. Mwisho wake ulimezwa na kikohozi. Unajua hakutufundisha. Kihehe chake kilikuwa cha kuongea na kuku, na cha ugali ukiungua.

Kaka Vitus alifika kutoka Ruaha Mbuyuni tumeshazika. Yeye na mama walikuwa wameagana kwa maneno makali. Sasa shangazi Juliana amemwambia neno lile lilikuwa laana juu yake. Vitunguu vyake vimeozea shambani, naye ameamini. Anashinda jikoni kwa mama, hali chakula, hataki kurudi kupanda. Anasema aliyelaaniwa hana msimu.

Nakuomba uniandikie kwamba mama alimbariki. Wewe ni mdogo wake. Kaka akiona mwandiko wako ataamini.

Mwanao,
Tumpe


Kihesa, Iringa
13 Mei 2024

Mwanangu Tumpe,

Marahaba. Mguu huo upo, kila asubuhi unaamka kabla yangu ili ulalamike.

Nimelitamka neno lako mpaka jirani Faustina akauliza naongea na nani. “Longa” ni sema. “Longola” ni tangulia. Useme nini? Nani atangulie, wapi? Huenda lilikuwa neno jingine kabisa. Dada alitumia Kihehe kwa hasira, na kwa utani pia. Sijui, mwanangu.

Baraka natamani kuiandika. Lakini nikimwekea dada maneno mdomoni, hata kwa wema, nitatofautiana vipi na shangazi yako? Mwambie Vitus hujui. Mwambie na mimi sijui.

Mama yako mdogo,
Blandina


Uyole, Mbeya
2 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Barua yako ilinikasirisha, nikaificha chini ya godoro. Niliona umetunyima kitu ambacho kisingekupunguzia chochote.

Lakini kaka alizidi kukonda, na wiki iliyopita akafunga begi, hasemi aendako. Nikakaa mlangoni nikamsomea barua yako. Shangazi alikuwepo, akacheka kwamba Mhehe mzima hajui Kihehe. Kaka hakucheka. Alimgeukia taratibu.

“Shangazi, wewe Kihehe ulijifunzia wapi?”

Shangazi akasema mambo mengine hayahitaji lugha. Kaka akauliza tena, kwa heshima. Shangazi akajifunga kanga yake, akasema ana maharage motoni.

“Kwa hiyo hakuna anayejua,” kaka akasema.

Nikamwambia hakuna. Akalia, Mama mdogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaomba chakula.

Jumamosi alirudi Ruaha Mbuyuni kuandaa kitalu. Sisemi amepona. Jana alinipigia kuuliza kama nina uhakika mama hakutaja jina lake. Nikamwambia sina. Halafu akaniuliza bei ya mbegu huku.

Mimi mwenyewe silali vizuri. Nilidhani kutojua ni jambo la kupita, kumbe ni la kuishi nalo. Ukisali, utukumbuke.

Mwanao,
Tumpe